Mbio ndefu kwenye TV: jinsi ya kutopoteza stori pale kamera inapokimbilia mkuki

Wadau wa riadha, hii naandika kwa ajili ya mtu anayependa mbio ndefu, yaani mita 5,000, mita 10,000, kuruka viunzi na maji, marathoni, afu kila ikifika Olimpiki au mashindano ya dunia anaishia kugombana na TV. Unajua inavyokuwa, wamejipanga kwenye mstari, bunduki imelia, raundi ya tatu kamera inakimbilia mkuki, inarudi raundi ya tisa, inaondoka tena inaonyesha marudio ya mita 100 ya jana, ikirudi ni raundi ya kumi na nane na lile kundi la watu kumi na tano uliloliacha sasa hivi lina watu sita na hujui nani kalivunja, kalivunjia wapi, na mtu wako wa rangi za nyumbani kapotelea wapi.

Inauma jamani. Mita 10,000 ni raundi 25 na stori yake yote iko katikati, mtu akikuonyesha mwanzo na raundi mbili za mwisho kakuonyesha watu wamechoka tu, hajakuonyesha kwa nini wamechoka. Na hizi ndizo mbio za kwetu, huku Afrika Mashariki ndiko wanakotoka mabingwa wake, sasa inakuwaje sisi ndio tuzione nusu nusu. Baada ya miaka mingi ya kulalamika nimejijengea utaratibu wangu na sa hivi hata kamera iende wapi mi sipotei sana, ndio huo nataka nikupe.

Cha kwanza kabisa, jua nani kakukatia, maana wakataji wako wawili na dawa zao ni tofauti. Picha ya uwanjani haitengenezwi na kituo chako. Olimpiki kuna chombo kinaitwa OBS, kilianzishwa 2001 na Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, chenyewe ndio kinapiga picha zote na kuzigawa kwa vituo vilivyonunua haki. Humo kuna mtu amekaa kwenye chumba chenye skrini kibao, mbio zinaendelea, kuruka chini kunaendelea, kisahani kinaendelea, na yeye anachagua dunia nzima ione nini kwa sekunde hiyo. Kwa hiyo ukiona picha imehamia kwenye mkuki na ile saa na maandishi ya mashindano bado yapo pale pale kwenye kona, aliyekata mara nyingi ni yule wa uwanjani, na hata ukihamia kituo kingine kinachochukua picha ile ile utakutana na mkuki ule ule. Lakini ukiona tangazo la sabuni, au taarifa ya habari imeingia, hapo aliyekata ni kituo chako cha nyumbani, kwa sababu picha inayokuja kutoka uwanjani haina matangazo ya biashara ndani yake. Hapo chukua rimoti, kuna uwezekano mkubwa jirani yake kwenye king'amuzi anaendelea kuonyesha.

Afu tusiuchukie mkuki. Mkenya Julius Yego alirusha mita 92.72 Beijing 2015 akawa bingwa wa dunia, akachukua fedha Rio 2016, na najua watu waliokuwa wanaomba siku hiyo kamera isitoke kwake hata dakika moja. Ninacholalamikia ni mkuki wa raundi ya mchujo unaoingia pale pale mtu anapoondoka na mbio, wakati skrini ingeweza kugawanywa mara mbili na kila mtu akapata chake.

Sasa maandalizi. Anza na saa, maana wengi wanakosa mbio siyo kwa sababu TV haikuonyesha ila wamekosea kuhesabu. Ratiba rasmi zinaandikwa kwa saa za mji wa mashindano na kwa mtindo wa Kizungu, sisi tunasoma saa zetu kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo unahesabu mara mbili na hapo ndio ajali inapotokea. Mi natumia njia ya mkato. Tokyo wako mbele yetu saa sita, na saa ya Kizungu na ya Kiswahili zinapishana sita vile vile, kwa hiyo namba inabaki ile ile! Wakisema 7:30 asubuhi ya Tokyo kwetu ni saa 7:30 usiku, wakisema 9:30 usiku kwetu ni saa 9:30 alasiri, unabadilisha tu kipande cha siku. Paris wakati wa kiangazi unatoa tano, ndio maana fainali ya mita 10,000 wanaume ya 2024 iliyoandikwa 9:20 usiku huku tuliiangalia saa 4:20 usiku. Mashindano ya dunia ya 2027 ni Beijing, pale ongeza moja kwenye namba, saa 8:00 usiku ya kwao ni saa 9:00 alasiri ya kwetu. Olimpiki ya 2028 ni Los Angeles, Julai, pale unaongeza nne, saa 7:00 jioni ya kwao inakuwa saa 11:00 alfajiri kwetu na tena ni siku inayofuata, kwa hiyo jiandae kuamka na adhana. Hizi hesabu ni za Tanzania, Kenya na Uganda, mlioko Kigali, Bujumbura na Goma toeni saa moja, mlioko Muscat ongezeni moja.

Na hapa penye "usiku wa kuamkia" andika kabisa kwenye karatasi. Marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia ya Tokyo 2025 ilikuwa Jumatatu tarehe 15 Septemba saa 7:30 usiku kwetu, yaani usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Kuna watu waliweka alamu ya Jumatatu usiku, wakaamka kukuta Tanzania nzima imeshasherehekea ushindi tangu asubuhi.

Siku ya mbio chukua daftari. Sitanii, daftari na kalamu, siyo simu, simu utaihitaji kwa kazi nyingine. Orodha ya wakimbiaji inatoka kabla kwenye tovuti ya World Athletics, yaani shirikisho la riadha la dunia, au ya Olimpiki, andika majina ya watu unaowafuatilia, nchi, na acha nafasi pembeni. Wanapotambulishwa kwenye mstari kamera inapita mmoja mmoja, hapo ndio muda wako wa kazi, tazama jezi, tazama rangi ya viatu, tazama kama ana soksi ndefu au kofia au mkufu, na ile namba ndogo iliyobandikwa ubavuni kwenye bukta. Jina limeandikwa kifuani ila wakikimbia kwa mbali hulisomi, viatu vya rangi ya chungwa utaviona hata kamera ikiwa juu kabisa. Ukiandika "Aregawi, soksi nyeupe" basi kamera ikirudi raundi ya kumi na nane humtegemei mtangazaji akuambie.

Nasema hivo kwa sababu watangazaji wengi wanazijua mbio fupi na mpira, hizi ndefu wanabahatisha. Nimewahi kumsikiliza mmoja raundi nzima tatu anasema "Mkenya anaongoza" na aliyekuwa mbele kavaa jezi ya Uganda. Na siku hizi sura na jina peke yake havikupi nchi, Winfred Yavi aliyechukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji Paris 2024 alizaliwa Kenya lakini anakimbilia Bahrain. Soma jezi. Mtangazaji akizidi kukupoteza punguza sauti kabisa, sauti ya uwanja ukiwa nayo weka, bila yeye utashangaa unavyoona vitu vingi zaidi.

Sasa kitu chenye faida kuliko vyote, saa ya kwenye kona. Kamera inaweza kuondoka lakini saa haidanganyi, ukiwa na hesabu kidogo unaweza kujua kilichotokea wakati hukuwepo. Raundi moja ni mita 400. Sekunde 64 kwa raundi ni kilomita moja kwa 2:40, ukizidisha kumi ni 26:40. Sekunde 66 ni 2:45 kwa kilomita, inakupeleka 27:30. Sekunde 70 ni 2:55, unafika 29:10. Kwa wanawake sekunde 73 na nusu ndio mbio za dakika 30 na ushee, Beatrice Chebet alishinda Tokyo 2025 kwa 30:37.61 na ndio mwendo huo huo. Andika hizi juu ya ukurasa.

Afu fanya hivi. Kila kiongozi akipita kwenye mstari wa kumalizia andika muda. Tuseme kamera inaondoka zimebaki raundi 18, saa inasoma 7:42, maana yake raundi saba kwa sekunde 66 kila moja. Inarudi zimebaki 11. Saa ikisoma 15:24 tulia, hamna kilichotokea, mwendo ni ule ule, waliopungua wamechoka wenyewe. Ikisoma 15:10 basi raundi saba ulizokosa zimekimbiwa kwa sekunde 64, mtu kashambulia wakati wewe unaangalia mkuki, na sasa tafuta nani, angalia aliyeko mbele kama peke yake au wenzake wa nchi moja wanapokezana. Paris 2024 Waethiopia watatu walikuwa wanabadilishana kuongoza kuwachosha wenzao, mbio zikawa za kasi toka mwanzo, Mganda Joshua Cheptegei akavumilia kule kule ndani ya kundi akaja kuwamaliza mwishoni kwa 26:43.14, rekodi mpya ya Olimpiki, na watu zaidi ya kumi wakakimbia chini ya ile rekodi ya Kenenisa Bekele ya 27:01.17 ya 2008. Mbio za namna ile ukikosa raundi sita katikati umekosa mbio, maana ule upokezanaji ndio ulikuwa mchezo wenyewe. Tokyo 2025 ikawa kinyume, joto, mwendo wa pole, kila mtu anamwangalia mwenzake, Mfaransa Jimmy Gressier akashinda kwa 28:55.77 kwa kasi ya mwisho. Mbio kama zile kamera ikienda kwenye kuruka juu nenda kachukue chai, ila zikibaki raundi tatu uwe umeshakaa.

Kwa hiyo raundi tano za kwanza ndio zinakuambia ukae vipi. Sekunde 64 au 65, usinyanyuke. Sekunde 70 na kuendelea, una nafasi ya kupumua.

Simu kazi yake ni moja, kufungua ukurasa wa matokeo ya moja kwa moja. Wakimbiaji wanavaa vifaa vya kupima muda, kila kipande kinaingia kwenye mtandao, nani wa ngapi na kaachwa sekunde ngapi. Huu ukurasa unakula bando kidogo sana ukilinganisha na video, na ndio dawa ya lile tatizo la kamera kufuata wa mbele tu, mtu wako akiwa wa tisa TV haitamwonyesha lakini ukurasa utamwonyesha. Onyo moja, kama unaangalia video kwa intaneti inachelewa, mara nyingine nusu dakika au zaidi, kwa hiyo ukurasa na jirani mwenye dishi watakuambia mshindi kabla hujamwona. Zima WhatsApp kabisa raundi tano za mwisho. Mi ukurasa nauangalia katikati ya mbio tu, kengele ya raundi ya mwisho ikilia simu naigeuza chini.

Usiku wa marathoni ya Tokyo ndio ulionifundisha umuhimu wa kuwa na njia zaidi ya moja. Kituo nilichokuwa nakitegemea, saa 7:30 usiku nawasha nakuta marudio ya kipindi cha muziki. Siku kadhaa wametangaza kwamba mashindano yapo kwao, kumbe ni zile za mchana tu. Nikahamia kwenye simu, video ya moja kwa moja, na ukurasa wa matokeo kwenye simu ya mke wangu. Marathoni inatoa muda kila kilomita tano, nikawa naandika, kilomita 25 Simbu yupo kundini, 30 yupo, 35 yupo, kila nikiona jina lake nanyanyuka nazunguka sebuleni kimya kimya watoto wasiamke. Alphonce Simbu, kijana wa Singida, shaba London 2017, wa pili Boston 2025, na Tanzania tangu mashindano ya dunia yaanze 1983 hatujawahi kuwa na dhahabu hata moja, fedha ya Christopher Isegwe ya Helsinki 2005 ndio ilikuwa juu. Kilomita 40 bado yupo. Wanaingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, na video ikaganda. Ile duara inazunguka tu. Nikachukua simu nyingine nikaburuta ukurasa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndio ikaja: Simbu 2:09:48, Petros 2:09:48. Muda ule ule. Nikabaki naangalia zile namba mbili zinazofanana sijui nicheke au nisubiri, maana ukurasa haukusema wamepishanaje. Walipishana sekunde 0.03, kwenye marathoni, kilomita 42, nimekuja kuiona video asubuhi Petros akijirusha kwenye mstari na Simbu akipita. Bingwa wa kwanza wa dunia wa riadha nchi yetu iliyompata, na mi nilikuwa macho usiku mzima, na bado ule ushindi niliuona kama namba kwenye simu. Baba mdogo alinipigia saa moja asubuhi anauliza ilikuwaje ule mwisho, sikuwa na cha kumsimulia. Yeye mbio za Filbert Bayi za 1974 alizisikia kwenye redio, 3:32.16, rekodi ya dunia ya mita 1,500, na mpaka leo anakusimulia Bayi alivyoondoka mbele toka mwanzo kama vile alikuwepo Christchurch.

Toka hapo kwa marathoni najiandaa hivi. Njia tatu lazima, TV, video ya simu, ukurasa. Siku moja kabla nahakikisha kituo kitaonyesha hiyo mbio yenyewe na siyo "mashindano" kwa ujumla, ratiba ya king'amuzi ukibonyeza unaona kipindi cha saa saba usiku ni nini, ukiona muziki ujue ni muziki. Bando nanunua la kutosha mapema na nachaji simu zote mbili, maana umeme ukikatika ruta inazima na TV inazima pamoja. Ubora wa video nashusha chini kilomita mbili za mwisho, heri picha ya ukungu inayotembea kuliko safi iliyoganda. Angalia pia YouTube ya World Athletics, kwa nchi ambazo hamna kituo kilichonunua haki mara nyingine wanaachia hapo.

Ukiangalia kibanda umiza mambo ni mengine. Mwenye kibanda anaishi kwa mpira, ukimwambia riadha saa ambayo kuna mechi ya Uingereza hatakusikiliza na mi simlaumu. Mfuate mapema, siyo siku hiyo, mkiwa hata watu kumi mmechanga, mwambie mbio ni nusu saa tu, mwambie dakika kamili zinapoanza na zinapoisha. Wengi wanakubali, wanachoogopa ni kupoteza wateja jioni nzima.

Jambo jingine, usizime kwa sababu wamemaliza. Paris 2024 mita 5,000 wanawake Faith Kipyegon alimaliza wa pili, wakamwondoa kwenye matokeo kwa kosa la kumzuia mwenzake, baadaye usiku ule ule rufaa ikamrudishia fedha yake. Kituo kikifunga matangazo palepale unalala na habari ambayo asubuhi siyo kweli. Subiri ukurasa uandike matokeo ni rasmi.

La mwisho ni kuwaandikia. Watu tunalalamika siku ya mbio, wakati huo mtu wa ratiba hana cha kubadilisha, matangazo yameshauzwa, vipindi vimeshapangwa. Andika mwezi mmoja kabla, barua pepe au hata ujumbe kwenye ukurasa wao, kwa heshima, na uombe kitu kimoja chenye tarehe na saa, siyo "onyesheni riadha". Mi ya kwangu huwa naandika hivi: "Habari za kazi. Naomba fainali ya mita 10,000 wanawake, tarehe fulani, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, dakika 35 tu, ionyeshwe bila kukatwa, matangazo yawekwe kabla ya bunduki na baada ya washindi kuvuka mstari. Kama kuna taarifa ya habari muda huo naomba mbio zihamishiwe kwenye chaneli yenu ya pili na mtutangazie mapema. Tuko watu kadhaa tutakaoangalia pamoja." Taja na namba yenu halisi, mkiwa kumi na wawili sema kumi na wawili. Subiri wiki, afu piga simu uulize kama wameiona, na umuulize anayepokea jina la anayepanga ratiba, safari inayofuata unamwandikia yeye moja kwa moja.